Jiwe la Mwanzilishi

Juma lililopita nilikuwa ofisi ya parokia moja hapa Tabora mjini, nikisubiri cheti cha ubatizo. Katibu alikuwa akimsomea padri mzee, Mjesuiti aliyetoka ng'ambo, maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la ukumbusho: “Peke yake aliijenga jumuiya ya Wakatoliki wa mji huu.”

Padri aligonga meza kwa kiganja. “Peke yangu?” Akamwonyesha bibi mmoja, mzaliwa wa Burundi, aliyeketi karibu na mlango. “Misa ya kwanza tulisali uani kwake. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaita watu. Andika jina lake!”

“Baba Padri,” katibu alinong'ona, na sote tukasikia, “huyu si ni mkimbizi tu?”

Damu ilinichemka. Wote wawili walikuja Tabora kutoka nje. Mmoja tunamwita mwanzilishi, mwingine mkimbizi, hata baada ya kuzeeka akiwafundisha watoto wetu katekisimu!

Padri aliichukua ile karatasi, akaichana. “Basi na langu lisiandikwe.”

Bibi aliinuka, akamshika mkono, wakatoka pamoja taratibu. Hakuna aliyemwomba radhi, hata mimi niliyekaa kimya.