Mjomba Melkizedeki na Gunia la Mahindi

Mjomba wangu Melkizedeki alikuwa mpishi wa Mzungu mpima ardhi, na kijiji chetu kizima cha Bombo, huko milimani, kilijua kwamba siku hiyo anapanda ndege kumfuata bwana wake Tabora. Alikuwa ametangaza mwenyewe: kanisani, sokoni, hata kwa watu waliokuwa mferejini wakigombea maji. Angeachwa, wangemwita Ndege mpaka kaburini.

Tukashuka naye Same ukoo mzima, mimi na mwanangu mgongoni. Kando ya kiwanja cha ndege palikuwa na kilabu cha Raheli, banda la nyasi lenye mabenchi. Rubani, Mzungu mwembamba, alisema mtu na mzigo wake wasizidi gunia moja la mahindi. Mizani ya kununulia mazao ikaletwa, ikaning'inizwa kwenye boriti ya banda: gunia upande huu, Mjomba na kifurushi chake upande ule. Wakalingana. Tukapiga vigelegele.

"Ngoja hapa," rubani akasema. "Natengeneza injini. Halafu napima tena."

Laiti tungemfunga mdomo Mjomba hapohapo! Lakini kwetu msafiri halishwi na mtu mmoja. Kila anayemuaga humpa tonge na funda kwa mkono wake, na ukikataa umemwachia kinyongo. Shemeji yake Sefania akaja na kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa. Mdogo wake Lea akaja na makande. Raheli naye akakata nyama ya mbuzi.

"Kula, kaka, huko juu hakuna jiko!"

"Funda moja tu, shemeji. Au la kwangu lina sumu?"

Mjomba alikuwa anakula, anacheka, anafuta ndevu, anafungua kifungo cha koti.

Injini ikapona. Mjomba akakaa tena kwenye mizani, na gunia likaruka juu kama mbuzi aliyekanyaga siafu.

"Hapana," rubani akasema. "Mzito."

Nilimwona Mjomba, mzee wa watu, macho yake kwenye ndege.

"Vua koti!" Sefania akapiga kelele. Akavua. Gunia likashuka kidogo. "Viatu!" Akavua. Bado.

Nikasogea karibu, nikamnong'oneza kwa adabu, maana neno lenyewe lilikuwa la aibu, "Mjomba, shikamoo. Hebu nenda nyuma ya banda kwanza, ukajipunguze."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki."

Akaenda mbio, miguu mitupu. Akakawia. Watu wazima tumesimama, tumetega masikio kama tunangoja mvua.

"Hiyo ni ya Lea," Sefania akasema. "Yangu bado haijatoka!"

Raheli akakaa chini kwa kicheko. Mjomba aliporudi, gunia lilishuka, likayumba, likatulia sawasawa. Tukambeba mzimamzima mpaka ndani ya ndege, asije akalishwa tena.

Ndipo mama mkubwa Eliakunda, dada yake, tuliyemwacha nyuma njiani, akatokea akihema, na kibuyu cha dengelua kichwani.

"Melki! Unaondoka hujanywa changu?"

Mjomba akamtazama rubani. Rubani akakitazama kibuyu, akatutazama sisi, kisha akageuza uso kuangalia milima ya Pare kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mjomba akainama dirishani, akakipokea kibuyu, akakikausha.

Ndege ikakimbia, ikakimbia, ikaelekea miiba ya mwisho wa kiwanja. Nilimshika mwanangu nikafumba macho. Nilipofumbua, magurudumu yalikuwa juu ya miiba, na mkono wa Mjomba unapunga.

"Mmeona?" mama mkubwa akapiga kelele, anaruka na kibuyu kitupu. "Mmeona? Yangu ndiyo iliyomwinua!"