Jina la Mwisho Kwenye Ubao wa Mabingwa

Harufu ya gundi ya muhogo iliyochacha hunirudisha darasa la saba hata nikiwa kwenye shughuli zangu. Mwalimu wetu wa michezo aliipika mwenyewe kwenye kopo la maziwa, nyuma ya ofisi ya walimu, unga kidogo na maji mengi, akikoroga kwa kijiti cha mbuni mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Kwa gundi hiyo alibandika mabingwa wa dunia. Shule yetu, ambayo jina lake nitalihifadhi kwa sababu baadhi ya walimu wake bado wako hai, ilikuwa juu ya kilima upande wa Rubya, ikizungukwa na migomba na mibuni. Haikuwa na umeme, na uwanja wake uliinama kiasi kwamba mpira ukipigwa vibaya ulishuka bondeni na mtu akaufuata nusu ya kipindi. Lakini kwenye varanda ya darasa la saba palikuwa na ubao mpana wenye maandishi mekundu, MABINGWA WA MWAKA, na chini yake ilijaa michezo ya nchi ambazo hatukuweza kuzionyesha kwenye ramani.

Ulikuwa mwaka wa Olimpiki. Mwalimu alisikiliza redio usiku na Jumatatu asubuhi, kabla ya ukaguzi wa kucha, alitusomea mstarini alichokiita matokeo ya dunia: nani kachukua Kombe la Ulaya, nani kaangushwa raundi ya ngapi, nani kaogelea kwa kasi gani. Tulimpa jina la Mwalimu Matokeo, naye akajifanya halijui. Picha alizipata kwenye magazeti yaliyofungia sukari dukani, yakifika kwetu yana wiki tatu na madoa ya mafuta ya taa. Kila mwanafunzi alijichagulia bingwa wake. Wasichana wawili walimchukua mcheza tenisi, wakawa wanapiga chungwa bichi kwa vifuniko vya sufuria na kugombana kuhusu sheria ambazo hawakuzijua. Mimi nilimchukua mkimbiaji wa Ethiopia, mwanamke mwembamba, ambaye picha yake ilifika bila miguu kwa kuwa mwenye duka aliichana hapo. Usiku mende walitoka kula gundi, na asubuhi tulikuta bingwa fulani hana shavu au hana pua. Mwalimu alibandika upya bila kulalamika.

Chini kabisa ya ubao aliacha nafasi tupu, upana wa kiganja. Alisema hiyo ni ya bingwa wetu wenyewe, na wote tulijua anamaanisha nani, kwa sababu hapakuwa na msichana wa kunifikia kwenye mita elfu moja na mia tano. Nilishinda ngazi ya kata, nikashinda tarafa, nikapata nafasi ya kwenda Bukoba kwenye mashindano ya mkoa. Baba yangu, ambaye kwetu tulimwita Tata, alikuwa mtu wa kahawa na migomba na maneno machache, na alikuwa na mabinti wanne. Sikuwahi kumsikia akimsifu hata mmoja wetu mbele ya watu. Jioni niliporudi na habari ya tarafa alikuwa anamenya ndizi za kukamua pombe ya rubisi, hakuinua kichwa. Akasema tu, "Huko Bukoba nitakuja." Baba alikwenda Bukoba kwa msiba au kwa hospitali, basi. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha, na nasema wazi kwamba sijapata tena furaha ya namna ile.

Wiki mbili kabla ya safari Mwalimu Matokeo akaniita nyuma ya nyumba yake. Kulikuwa na msichana ameketi juu ya jiwe, mrefu, miguu mikavu, umri wake labda miaka kumi na saba. Alikuwa anaitwa Nyangeta, mtoto wa wavuvi waliohamia visiwani kutoka ng'ambo ya ziwa. Shule aliiacha darasa la tano. Mwalimu alimwona mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, akipandisha ndoo za dagaa mbio huku wenzake wakitembea, akamwahidi kwamba akikimbia Bukoba atamrudisha darasani. Fomu ya mashindano ilikuwa tayari mezani, ina jina langu, Kokushubira Rwegoshora, na picha ya Nyangeta. Pembeni ya picha gundi ya muhogo ilikuwa bado mbichi. "Shule nyingine zote zinaleta mamluki," mwalimu akaniambia, kwa sauti ya upole ya mtu anayeeleza hesabu. "Wewe binti ni mzuri, lakini huko watakuacha nyuma. Jina litakuwa lako. Wewe unapoteza nini?" Kisha akasema jambo hili likitoka nje, shule itafungiwa na mtihani wangu wa darasa la saba utaingia matatani. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Niliitikia.

Jioni ile nilimwomba Nyangeta tukimbie, sisi wawili tu, kutoka kisimani mpaka kwenye mwerezi na kurudi. Alinishinda. Alinishinda vibaya, kwenye njia niliyoizoea mimi na asiyoijua yeye, na aliponisubiri pale kisimani hakuwa hata anahema. Imetosha kudanganya katika habari hii, kwa hiyo hilo naliandika kama lilivyokuwa. Mwalimu alisema kweli: Bukoba ningeachwa. Labda ningekuwa wa nne, labda wa saba. Lakini ningekuwa wa saba kwa miguu yangu, baba yangu akiangalia, na hiyo ndiyo nafasi niliyoporwa. Watu huhurumia walioporwa ushindi. Aliyeporwa kushindwa kwake hana hata pa kushtaki.

Siku zilizofuata kazi yangu ilikuwa kumfundisha kuwa mimi. Tulisikia kwamba kamati ya uhakiki huwauliza wachezaji maswali, kwa hiyo kila siku baada ya vipindi nilikwenda kwenye lile jiwe na kumkaririsha: jina langu, jina la baba, darasa, namba ya kuandikishwa, jina la mwalimu mkuu, kazi ya wazazi. Alikuwa mwepesi wa kushika kuliko nusu ya darasa letu. Siku moja aliuliza, "Baba yako nyumbani anakuitaje?" Nikamwambia hawatauliza hilo. "Najua. Nataka kujua tu." Nikamwambia ananiita Koku. Akalirudia taratibu, Koku, Koku, kama mtu anayejaribu kiatu cha dukani. Nilimchukia kwa hilo, na papo hapo nikamgawia nusu ya muhogo wangu wa kuchemsha, maana tangu asubuhi hakuwa amekula.

Bukoba tulilala kwenye madarasa ya shule moja Nshambya. Mimi nilipelekwa kama msaidizi wa mpishi, ili Nyangeta akisahau jibu niwe karibu. Hakusahau kitu. Siku ya mbio mwalimu aliniamuru nibaki na masufuria, lakini nilijitanda khanga hadi machoni nikaenda uwanjani, nikasimama nyuma kabisa ya watu. Baba nilimwona mara moja. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili katika jua lile la saa saba, ameketi mstari wa mbele pamoja na jirani yetu wa Rubya. Kipaza sauti kikaita jina langu lote na la kwake. Baba akasimama. Akaweka kiganja juu ya macho, akawatazama wale wasichana mmoja mmoja kutoka kushoto hadi kulia, kisha akaanza tena kutoka kushoto. Nilitamani kupiga kelele kwamba niko huku. Bunduki ikalia, Nyangeta akawaacha wote kabla ya mzunguko wa pili, na alipokata utepe jirani yetu alimkumbatia baba na kumpongeza kwa sauti kwa lugha ya kwetu, "Kasinge waitu! Umezaa, Ta Rwegoshora." Watu wakageuka kumwangalia. Jirani hakuona vizuri kwa mbali, au hakunijua sawasawa. Baba alinijua. Alisimama muda mrefu, mikono imening'inia. Halafu akapiga makofi.

Nilirudi nyumbani siku ya tatu nikiwa na cheti, kwa kuwa mwalimu alisema ni halali yangu. Sebule ilikuwa imejaa majirani, mama amepika ndizi kwa nyama, na rubisi ilikuwa inazunguka. Nilipiga magoti kumsalimu baba. Akakipokea cheti kwa mikono miwili, akakisoma polepole, akanitazama usoni na kusema mbele ya wote, "Pole na mbio, omwana wange." Nilisubiri aseme jambo jingine wageni wakiondoka. Hakusema usiku ule, wala wakati wa mavuno, wala miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Alikitundika cheti ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu, na kila mgeni alionyeshwa. Nilikuwa nimepata sifa za baba yangu mbele ya watu, zile nilizozitamani tangu nilipojifunza kutembea, na zilikuwa za mtu mwingine. Namlaumu mwalimu, lakini baba namlaumu zaidi. Sikukimbia tena, hata mvua iliponikuta njiani.

Jumatatu mwalimu alibandika jina langu kwenye ile nafasi tupu, chini ya waogeleaji na mabondia, bila picha. Mashindano ya taifa yalipokaribia aliogopa uhakiki wa huko, akaandika kwamba bingwa anaumwa malaria. Nyangeta akarudishwa kisiwani na jozi ya raba. Ahadi ya darasa haikutajwa tena. Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo tulivyofundishwa. Huyu alichumia juani na kivulini tukala sisi. Wahenga walisema pia njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilifika mbali. Mwaka juzi tulipomzika baba, msoma wasifu alisimama kando ya kaburi, katikati ya kibanja chetu cha migomba, akamtaja kuwa mzazi wa bingwa wa mbio wa mkoa. Waombolezaji wakanigeukia kwa heshima, nami nikainamisha kichwa. Walidhani ni majonzi.

Sasa naishi Nyanga, pembeni mwa Bukoba, na nina binti wa umri ule ule. Mwisho wa mwaka jana alikuwa ananisomea kwenye simu mabingwa wa mwaka, mpira, riadha, ngumi, na picha ambazo mwalimu wetu angezisubiri wiki tatu yeye alizipata kabla chai haijapoa. Akafika kwenye habari ya mwanariadha mmoja wa nje aliyegundulika alitumia dawa miaka mingi iliyopita. Wamemnyang'anya nishani, na ya shaba wamempelekea aliyekuwa wa nne, ambaye siku hizi ni mtu mzima mwenye watoto. "Si bora wangeacha tu, mama?" binti yangu akauliza. "Yameshapita." Nikamwambia akaoshe vyombo. Huko nje kuna watu kazi yao ni kurudi nyuma na kuusahihisha ubao. Huku kwetu hakuna aliyekuja kunidai. Mimi bado ni bingwa.

Mwezi uliopita nilikwenda soko la samaki ziwani kununua dagaa. Mwanamke mrefu nyuma ya fungu lake alinitazama kwa muda, kisha akaketi wima na kusema kwa sauti ya mtoto wa mstarini, "Kokushubira Rwegoshora, darasa la saba, namba mia mbili na kumi na nne. Baba analima kahawa na migomba. Nyumbani ananiita Koku." Wenzake wakacheka, nami nikacheka, maana nisingecheka ningelia. Aliniuliza kama baba yangu yupo. Nilipomwambia amefariki alisema pole sana, na macho yake yakajaa machozi, akaniongezea dagaa kiganja kizima. Sikumwomba radhi. Nilimuuliza kama dagaa ni wa jana.

Cheti kiko kwangu tangu msiba, mende wamekula kona moja. Jioni ile nilikilaza mezani, nikachukua kalamu, nikakata jina langu na kuandika juu yake Nyangeta. Kalamu ikasimama hapo. Yeye alijua namba yangu ya kuandikishwa na jina ambalo baba aliniitia nyumbani, na mimi siku zote zile kwenye jiwe sikuwahi kumuuliza baba yake anaitwa nani. Ningeweza kurudi sokoni nikamuuliza. Kwa miguu ni nusu saa, kwa anayekimbia ni pungufu. Sijaenda.