Nilivyoichukulia Katwe Kuwa Bahari

Alhamisi, Bwera. Asubuhi ukungu, mchana jua la kuchoma.

Naona haya hata kuandika, lakini wacha niandike, maana kesho sokoni watasimulia vibaya kuliko ilivyokuwa, na ilivyokuwa yatosha.

Mimi na wenzangu tunapika sabuni nyuma ya nyumba yangu, na maji yanayobaki, yale yenye soda kali, yaliteremka mpaka shambani kwa jirani yetu Mzee Baluku yakamwunguzia maharage. Alikasirika, na haki alikuwa nayo. Mwenyekiti wa kijiji akasema ikifika leo maji hayajatulizwa, jiko livunjwe.

Basi mimi, niliyeishia darasa la sita, nilikuwa nimesikia redioni kwamba kwenye nchi za pwani viwanda vya alumina (ule unga mweupe unaozaa madini ya masufuria) vina tope la soda kali, nao hulituliza kwa maji ya bahari. Nikajiambia, bahari hatuna, lakini ziwa la Katwe lina chumvi kushinda bahari! Nikaagiza jerikeni la maji yake kwa bodaboda. Ningejaribu kimya kimya nisingeaibika, lakini hapana, nikaita watu, nikavaa na gomesi ya kanisani.

Nikamimina ndani ya pipa la maji yetu ya soda. "Sasa ukali unakufa," nikasema kama mwalimu, nikachovya mkono wa kulia waone. Ukateleza kama kambale, kisha ukaanza kuwaka, nami nikauacha humohumo nikitabasamu.

"Masika, mbona machozi?" mwenyekiti akauliza.

"Moshi, ssebo," nikamjibu kwa heshima. (Jiko lilikuwa limezimwa.)

Mzee Baluku akacheka mpaka akashika kiuno. "Wee mwanamke, Katwe si ndiko magadi inatoka, ile unatia kwa maharage ilainike? Unaongeza ukali juu ya ukali!"

Na kweli, magadi nayajua tangu utoto! Nikachomoa mkono, nikaruka nyuma, nikaketi ndani ya beseni la mafuta ya mawese, gomesi na yote. Wakati wananimwagia maji safi mkononi, kitu cheupe kikapanda juu ya pipa mabonge mabonge, mtu akapiga kelele, "Amegandisha maziwa!"

Mama Kavira, anayevuka kutoka Kongo kuuza sabuni, akachota kidogo kwa kijiti, akakisuuza, akasugua, likatoka povu.

"Iyi ni sabuni, Mama. Kwetu Butembo tunatiaka chumvi, sabuni inapanda juu. Lakini ile maji ya chini ingali mukali, usidanganye batu."

Kumbe kila siku tulikuwa tunamwaga sabuni yetu! Mzee Baluku naye akaenda kwake, akarudi na pombe yake ya ndizi iliyochacha hata walevi wameikataa. Tukaikoroga ndani ya pipa kidogo kidogo, uchachu uue ukali, mpaka maji yakaacha kuteleza kwenye kijiti.

"Jiko libaki," mwenyekiti akasema, "lakini tone lisitoke humu mpaka Baluku mwenyewe aseme." Ni sawa kabisa.

Mimi tena siiti watu kabla sijajaribu, na nikijaribu, ni kijiti, si mkono.

Jioni tumekula bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki wa moshi. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa, kwa hiyo mume wangu amenilisha tonge kwa tonge, akijizuia kucheka, na kwenye tonge la mwisho akashindwa, nami pia.