Safari ya Kumtafuta Anayekataa

Kwa miaka mitatu nilikana kwamba mguu wangu wa kushoto unaniacha. Naungama sasa kwa maandishi, kwa sababu ni kwa maandishi nilikuwa nikidanganya. Kandambili ilipochomoka mguuni bila mimi kujua, niliwalaumu watengenezaji wa kandambili. Nilipojikwaa kwenye zulia, nililaumu zulia. Maumivu yaliyoanzia kiunoni na kushuka hadi kisigino kama waya wa moto niliyaita uchovu, baadaye nikayaita umri, halafu nikayasingizia godoro na kununua jipya. Na katikati ya miaka hiyo hiyo niliandika makala gazetini nikiwakejeli watu wanaoogopa hospitali. Ilisifiwa sana. Wakati inasifiwa, picha ya mgongo wangu niliyopigwa hapa Dar es Salaam ilikuwa juu ya kabati, ndani ya bahasha ambayo ingekaa miezi minane bila kufunguliwa.

Kila aliyeniuliza kwa nini sitibiwi nilimpa jibu moja: "Mjomba hatakubali." Kwetu mtu hapasuliwi mpaka wakubwa wake waseme neno, hata awe na shahada mbili kama mimi. Marehemu mama alipoharibikiwa na mgongo, karatasi ya ruhusa ilipelekwa kwa kaka yake mkubwa, Mjomba Bakari wa Moa, naye akaikataa. Mama alilala kitandani miaka sita, na hapo ndipo alipofia. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa na uzito. Liliwanyamazisha watu, na mimi halikunidai kitu.

Kilichoniondoa nyumbani ni ngazi za ofisini. Nilizishuka nne za mwisho kwa makalio, mbele ya wanafunzi niliokuwa nimewaalika kuzungumza nao juu ya ujasiri wa mwandishi. Jioni ile mdogo wangu Rehema, anayeishi Ngamiani, akanipigia.

"Dada, hapa Tanga kuna dokta wa vichwa na migongo. Bingwa kabisa. Anapasua ubongo, uti wa mgongo, mishipa ya fahamu. Tena mwanamke."

"Katoka wapi?"

"Mwera."

"Mwera ya Pangani?"

"Ndiyo, hii hii yetu. Ulidhani katoka Ulaya?"

Nilicheka, na kicheko hicho nakionea haya. Nilitoka Tanga nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo nimekuwa nikiusifu mji wangu kwa machungwa na usafi, kama mtu anavyomsifu bibi kizee. Sikuwahi kufikiri kwamba Mwera, ninapopajua kwa nazi, pangeweza kututolea mtu wa kufungua vichwa.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka stendi ya Mbezi nikiwa na begi dogo na ile bahasha. Hadi Chalinze nilivumilia kukaa. Baada ya hapo nikasimama kwenye njia ya katikati, nimeshika viti viwili kama mhubiri. Kondakta alinitazama kwa huruma iliyochanganyika na hofu ya kulipishwa faini.

"Mama, siti yako si hiyo hapo? Kaa basi, trafiki wako mbele."

"Mgongo, mwanangu."

"Basi tukiwaona nitapiga kelele, uchuchumae."

Hivyo ndivyo nilivyorudi nyumbani, nikichuchumaa na kusimama kila penye askari, mpaka machungwa ya Muheza yalipoanza kuonekana kandoni mwa barabara. Saa nane mchana nilikuwa Ngamiani, Rehema akiniwekea begi langu juu ya baiskeli yake na kunisema mbele ya majirani.

Jumanne, saa mbili asubuhi, tulifika kliniki ya Dokta Mwanahawa. Ni vyumba vitatu na ukumbi wa kungojea wenye mabenchi, na wote waliokuwa wakingoja walikuwa watu wazima. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa Mzee Elia, Msambaa kutoka milimani, mzee wa kanisa mwenye koti zito ambalo joto la Tanga halikuweza kumvua. Hakungoja kuulizwa. Aliinamisha kichwa, akanionyesha makovu mawili madogo.

"Tawi liliniangukia, nikanyanyuka nikaendelea na kazi. Wiki nne baadaye akili ikaanza kuyeyuka. Nikawa namwita mke wangu kwa jina la ng'ombe."

"Na ng'ombe akimwita Mama Neema," mkewe aliyekaa pembeni yake akadakia, "tena kwa upole ambao mimi sijawahi kuusikia."

"Damu ilikuwa imekaa juu ya ubongo. Dokta akatoboa matundu mawili, ikatoka nyeusi kama oili chafu. Siku ya pili nikauliza kama mahindi yamepaliliwa."

"Siku ya tatu akaanza kunibishia," mkewe alisema. "Nikajua kapona."

Benchi zima lilicheka, nami pamoja nao. Kazi ile ilifanyika hapa, mjini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka nyumba niliyozaliwa.

Dokta Mwanahawa ni mfupi, ana miaka arobaini na kitu, na mikono yake ni midogo kuliko nilivyodhani mikono ya kazi ile ingekuwa. Alichukua bahasha, akaigeuza, akasoma tarehe, akaona gundi yake bado nzima. Akaichana, akaitazama picha kwenye mwanga kwa muda mrefu, kisha akanilaza na kunishika unyayo wa kushoto.

"Vuta kidole gumba kije upande wako."

Nikavuta.

"Vuta."

"Nimevuta, dokta."

"Bado hujavuta."

Niliinua kichwa nitazame. Kidole kilikuwa kimelala pale pale, kimetulia, kama cha mtu mwingine.

Alinieleza taratibu. Kati ya pingili mbili za chini za uti wa mgongo kuna kisahani laini. Changu kimechomoka na kuukalia mshipa wa fahamu unaonyanyua unyayo. Anaweza kukiondoa. Maumivu anatarajia yatapungua. Nguvu ya unyayo haahidi, lakini kila wiki ninayongoja, sehemu anayoweza kuiokoa inapungua.

"Sasa niambie," akasema, akivuta kiti. "Nyumbani kwenu nani anakataa?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. "Mjomba wangu, Moa."

"Kamlete."

"Anakaribia miaka themanini, dokta."

"Basi mlete polepole. Zamani nilikuwa nampasua mgonjwa huku nyumbani kuna anayekataa. Mgonjwa akiamka, kila anapoumwa anaambiwa, si tulikwambia? Anaacha mazoezi, anarudi kuchuliwa mafuta. Siku hizi naanza na anayekataa. Kila nyumba ina mmoja, na mara nyingi ndiye mwenye maswali mazuri kuliko wote."

Jumatano asubuhi nilipanda gari la kwenda mpaka wa Kenya, nikashuka penye njia panda ya Moa na kuchukua bodaboda. Kwa mgongo wangu, kila shimo lilikuwa na ujumbe wake. Njia yote nilijiandalia hotuba. Ilikuwa na utangulizi, hoja tatu na hitimisho, na kwenye hoja ya pili nilipanga kulia.

Nilimkuta Mjomba Bakari kwenye mashamba yake ya chumvi, ameinamia pampu ya maji iliyofunguliwa, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwa wangu. Mbona unatembea kama bata aliyefungwa kamba?"

Nikaanza. "Mjomba, nimekuja kwa heshima zote. Najua kwamba hukubali habari za kupasuliwa mgongo, lakini—"

"Nani kasema?"

Utangulizi wangu uliishia hapo. Nikababaika. "Wakati ule wa mama…"

Aliiweka spana chini, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Wakati ule nilikataa. Waliniletea karatasi, nikairudisha. Nikamchukua dada yangu nikampeleka nyumbani, akalala miaka sita anatazama dari. Kila nikiingia ananiambia, kaka, hukukosea. Wewe ni msomi, nieleze neno lile lina uzito gani."

Nikaisogeza spana kwa ncha ya kiatu.

"Tangu siku hiyo hakuna aliyeniletea karatasi nyingine. Mngeniletea ningesema ndiyo kabla sijaisoma. Unaumwa tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Na miaka yote mitatu unawaambia watu mimi sikubali? Hujaja, hujauliza, hata kunipigia? Simu ninayo!" Akaitoa mfukoni mwa shati na kuniinulia usoni, kana kwamba niliwahi kubisha. "Sasa kama si mimi, nani anayekataa?"

Nikatazama chumvi. Ilikuwa nyeupe sana, ikauma macho, na hicho ndicho kisingizio nilichokitumia kwa machozi.

Hakunisukuma zaidi. Nikamweleza habari za dokta wa Mwera na kwamba anamwita. Alirudisha kifuniko cha pampu, akafunga nati ya mwisho, akasema, "Nitakwenda. Mtu wa Mwera kaniita kwa heshima, nitakosaje?"

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mjomba aliingia kliniki akiwa na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kufuma, Rehema kulia, mimi kushoto nikimshikilia, ingawa ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyenishikilia mimi. Dokta Mwanahawa alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee wangu. Pole na safari."

"Marahaba. Wewe ni mwana wa nani huko Mwera?"

"Baba alikuwa mkwezi wa minazi."

"Mkwezi!" Mjomba akatugeukia mimi na Rehema kama vile tulikuwa tumempinga. "Mnasikia? Mwana wa mkwezi!"

Dokta alitumia karibu saa nzima naye. Alimwonyesha picha, akamwekea mkononi pingili za plastiki zilizoungana. Mjomba alizikunja na kuzikunjua, akazitazama ubavuni.

"Hii laini ya katikati ni gasketi," akasema.

"Hasa, mzee."

"Imetoka, inabana bomba."

"Hivyo hivyo."

"Na wewe unaikata iliyotoka tu, hung'oi yote?"

"Iliyotoka tu."

Akaridhika, akazirudisha mezani. Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na shahada zangu, nisingethubutu kuliuliza.

"Umewahi kushindwa?"

Rehema alinifinya mkono. Dokta hakupepesa jicho.

"Ndiyo, mzee. Kuna baba mmoja nilimfungua mgongo, miguu yake haikurudi. Anatembelea magongo. Kila mwezi nakwenda kumwona. Siku za kwanza hakuwa akinifungulia mlango."

"Na sasa?"

"Sasa ananiwekea chai."

Mjomba aliivua kofia, akaiweka magotini. "Mimi nami nilishindwa mara moja," akasema. "Ila mimi niliacha kumwangalia machoni. Wewe umerudi mlangoni kwake. Mfanyie mwipwa wangu."

Sijui kama niliwahi kujivuna kama nilivyojivuna dakika ile, kwa watu wawili kwa mpigo: yule aliyesema kweli yake, na yule aliyejua kuitambua. Nilijiona nina kwetu.

"Mzee amekubali," Dokta akasema, akiandika namba yake kwenye kikaratasi. Alinipa mimi. "Nina nafasi ya upasuaji Jumatatu. Lakini bado nangoja simu ya anayekataa. Anipigie yeye mwenyewe."

"Ulijua tangu Jumanne?" nikauliza.

"Mtu akiniletea bahasha ya miezi minane haijafunguliwa, sina haja ya kutafuta mbali. Lakini mzee nilimtaka kweli."

Ijumaa asubuhi nikapanda basi la kurudi Dar es Salaam. Nilimwambia Rehema kwamba nina kazi za kumalizia na nguo za kuchukua, na kwamba ningepiga simu nikifika. Alinifungia maandazi bila kunijibu. Mjomba alikuwa amekaa kibarazani, akaniaga kwa kutikisa kichwa tu.

Nilisimama tena kwenye njia ya katikati. Kwenye kiti kilichokuwa karibu nami alikaa mama mmoja wa Handeni aliyekuwa na maumivu ya shingo. Aliniuliza natoka wapi, nami nikafunguka. Kuanzia Muheza nilimsimulia juu ya daktari wetu. Nilimwambia habari za Mzee Elia na matundu mawili, na ng'ombe aliyeitwa Mama Neema. Nilimwambia kuhusu mwana wa mkwezi mwenye mikono midogo, kwamba tumekuwa tukiuza mashamba tuwapeleke watu wetu ng'ambo kumbe mtu wetu tunaye, hapa hapa, na anakwambia uso kwa uso alipowahi kushindwa. Abiria wa mbele waligeuka kusikiliza. Mmoja akaomba namba, nikampa. Sauti yangu ilikuwa imepanda kama ya mpiga debe.

Mama wa Handeni alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akatazama mguu wangu niliouegemeza kwenye kiti.

"Na wewe, dada, amekutibu nini?"

Basi lilikuwa linaingia Segera. Nikachukua begi langu, nikashuka ngazi moja moja nikijishikilia kwa mikono yote miwili, nikavuka barabara polepole kati ya wauza machungwa hadi upande wa pili. Kondakta aliniita, nikampungia mkono aende. Nikatoa simu.

Iliita mara tatu.

"Dokta, habari za asubuhi. Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Yule anayekataa."

Nikasikia karatasi zinafunuliwa, kisha zikatulia. "Ehe. Anasemaje?"

"Yuko Segera, upande wa magari yanayokwenda Tanga. Anauliza Jumatatu aje saa ngapi."

"Mwambie saa moja asubuhi, tumbo tupu," akasema Dokta Mwanahawa. "Na ampigie mjomba wake yeye mwenyewe, amwambie amekubali. Mzee kaniambia simu anayo."