Managu ya Kwenye Kabro

Magugu ya kwenye kabro nusura yaniue kwa hasira. Nilijinyima miaka nikajenga Njiru, nikatandika mawe ya kabro kutoka geti mpaka mlangoni ili nisikanyage tope tena maishani mwangu. Mvua ya kwanza tu, vijani vikachungulia kati ya mawe. Ya pili ikaja na kishonanguo, nyasi, na mboga ya managu ya kutosha sufuria.

Na mama akafurahi! Hilo ndilo lililonipandisha mori. Alikuwa amehamia kwangu kutoka mashambani kwa sababu ya goti, na kila asubuhi alikaa kwenye kigoda na kisu cha jikoni, akikwangua nyufa moja moja. Nyasi aling'oa. Kishonanguo aling'oa. Managu aliyaacha, akayamwagilia maji ya kuoshea vyombo.

"Mama, hapa ni pa kupita watu, si shamba!"

"Na wewe uende sokoni kununua kitu Mungu amekuoteshea mlangoni?"

Jirani wangu akasimama getini siku moja, akaangua kicheko. "Dada, kumbe siku hizi mnalima kabro!" Nilicheka kwa meno tu. Alipoondoka nilimgeukia mama nikamwambia ananiaibisha, watu watadhani simlishi. Akainamia ufa mwingine.

Ijumaa nilipitia agroveti nikanunua dawa ya kuua magugu. Muuzaji alinionya: usiruhusu hata kuku aguse, na usitarajie majani yakauke leo, yatabaki kijani siku kadhaa. Jumapili nikasingizia kuumwa kichwa, mama akaenda kanisani peke yake. Nilinyunyiza kila ufa, nikaficha mtungi wa dawa nyuma ya tangi la maji. Sikukusudia kumwambia. Ningemwambia angeweka kigoda chake katikati ya njia, na ng'o, asingeondoka. Kisha nikatoka kwenda buchani, nimpikie nyama, nimtulize moyo.

Niliporudi nilipokewa na harufu ya vitunguu. Mama alikuwa jikoni, bado na nguo za kanisani, anakoroga sufuria. Nilipopita kwenye kabro sikuwa nimeangalia chini.

"Nimeyachuma yote," akasema, bila kugeuka. "Halijabaki hata moja. Jirani yako hatakucheka tena."

"Umeyaonja?"

"Ala! Chumvi nitaijuaje?"

Haki ya Mungu, badala ya kumshika mama yangu, nilimfokea. Nani alikutuma? Huwezi kukaa tu kama wazazi wengine? Nilimpokonya mwiko, nikabeba sufuria na kuimwaga yote kwenye pipa la taka, yeye akinitazama kama ninayemwaga chakula chake kwa dharau. Ndipo nikatamka neno dawa. Akaketi.

Nilimnywesha maziwa, kikombe baada ya kikombe, maana kwetu dawa ya sumu ni maziwa, kila mtu anajua. Kwenye kliniki muuguzi alinikaripia mbele ya watu: nani amekwambia umjaze mzee maziwa, na hicho kibandiko cha dawa kiko wapi? Kibandiko nilikuwa nimekiacha nyumbani, nyuma ya tangi, pamoja na mtungi. Walimweka mpaka jioni. Hakutapika wala hakuumwa tumbo. Alikuwa ameonja kijiko kimoja.

Tukirudi, aliniuliza jambo moja tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini ningejua."

Sasa kabro ni safi, hakuna hata jani. Jirani amesifu, akataka kujua nimetumia dawa gani, nikamjibu vibaya mpaka akaondoka. Kigoda kimekaa chini ya ngazi na kisu kimerudi kwenye droo. Juzi mvua ilinyesha nikajikuta nimechuchumaa, natafuta managu kwenye nyufa kama kichaa, nikakasirika kwa kutoyaona.

Mama hajawahi kunilaumu. Afadhali angenitukana! Nikipakua chakula, anafumba macho, anaomba, anasema amina. Kisha anaweka mikono mapajani na kungoja. Mara ya kwanza nilidhani anahofia kuungua. Nilimwambia, mama, kula, kinapoa. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuitazama sahani yangu.

Nikimeza tonge la kwanza, ndipo naye anachukua kijiko.