Magunia ya Rosine na wakili aliyesema hajui

Muuza chai wa kwanza hajawasha jiko lake, lakini Rosine Simeon ameshapiga magoti sokoni Mpanda mjini. Sala ya asubuhi ameimaliza kwa ishara ya msalaba. Sasa amebaki pale pale juu ya turubai la bluu, anamwaga dagaa kutoka kwenye gunia na kuanza kupepeta.

Ungo unapanda na kushuka. Vumbi linaruka upande mmoja, dagaa wanabaki wakimetameta. Anachukua mmoja, anamtafuna polepole, macho ameyafumba.

"Huyu amekaukia kwenye kichanja," anasema. "Aliyekaukia chini utamsikia kwenye meno. Mchanga haujifichi."

Kijana wa bodaboda anayesubiri abiria karibu na meza yake anamwita kwa sauti. "Mama Bosco! Leo umewaacha wangapi ziwani?"

"Leo wamekuja wote," anajibu Rosine. "Kuna waliotaka kwenda kusalimia ndugu zao, nimewanyima ruhusa."

Wote wawili wanacheka. Mwaka jana maneno hayo yalimliza.

Rosine ana miaka arobaini na sita na anaishi Misunkumilo. Alizaliwa Litapunga, kwa wazazi wakulima waliotoka Burundi na baadaye wakapata uraia wa Tanzania. Dagaa alianza kuwauza akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Jean Bosco, sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma.

Kila baada ya wiki mbili Rosine husafiri hadi kambi za wavuvi upande wa Ziwa Tanganyika. Hununua dagaa, huwapakia kwenye boti ya injini hadi Ikola, kisha lori huwaleta Mpanda. Kwa kawaida husafiri na mzigo wake. Wafanyabiashara wote hufanya hivyo, kila mtu juu ya magunia yake.

Mwezi wa pili mwaka jana alivunja kawaida hiyo mara moja tu.

Ilikuwa Jumapili. Boti ilikuwa inaondoka asubuhi, na katika kigango cha kambini kulikuwa na misa, jambo lisilotokea kila wiki kwa sababu padri anatoka mbali. Rosine alipakia magunia yake kumi na manne, akamkabidhi nahodha, akaenda kusali. Alipanga kuwafuata wenzake kwa pikipiki.

"Nilikuwa naimba kanisani wakati magunia yangu yanazama," anasema. "Hilo ndilo lililoniuma kuliko mtaji."

Upepo uliikuta boti katikati ya safari. Maji yakaanza kuingia. Ilipofika Ikola, abiria wote walikuwa hai, na magunia ya wafanyabiashara sita yalikuwa makavu. Ya Rosine hayakuwepo.

Mtaji uliopotea ulikuwa zaidi ya shilingi milioni nne, na nusu yake haikuwa yake. Ilikuwa akiba ya wanawake kumi na mmoja wa jumuiya yake ya zamani Litapunga, waliouza mahindi na kumwamini awazungushie fedha kwenye dagaa.

Kiongozi wao ni Specioza Cletus, rafiki wa Rosine tangu utotoni. Alikuja Mpanda na wenzake wawili, akakaa kwenye benchi nyumbani kwa Rosine, akauliza swali moja.

"Magunia kumi na manne yanazamaje, Mama Bosco, na ya wenzako hata moja lisilowe?"

Rosine alijua tu aliyoambiwa, maana hakuwepo. Nahodha alikuwa amemwambia kwa simu kwamba mzigo "umekwenda na ziwa," kisha akaacha kupokea simu zake. Wafanyabiashara wenzake walisema wao walikuwa wameinamisha vichwa wakisali, hawakuona kitu.

Sokoni utani ukaanza. Dagaa wamerudi kwao. Mungu amechukua sadaka mwenyewe. Litapunga haukuwa utani tena. Ilisemekana magunia yaliuzwa Ikola usiku ule ule, na kwamba misa ilikuwa kisingizio.

"Fedha ningetafuta," anasema Rosine. "Ningelima, ningefua nguo za watu. Lakini jina ukishavuliwa, utalifulia wapi?"

Ndipo akaamua kutafuta wakili. Jean Bosco alimkatalia. Alimwambia mawakili ni wa watu wenye viwanja vya kugombania. Rosine alifunga siku tatu kwanza.

"Sikuomba nishinde," anaeleza. "Niliomba Mungu asiniletee mtu wa kunisifia. Aniletee mtu wa kuniuliza."

Wakili wa kwanza alimsikiliza akiwa amesimama. Alimwambia yeye hushughulikia mirathi, talaka na ardhi. "Mambo ya vyombo vya majini, mama, ni Dar es Salaam. Hapa Mpanda bahari iko wapi?"

Wa pili alimkatiza kabla hajafika kwenye upepo. "Hii tumeshashinda," alisema, na kutaja malipo ya kuanzia.

Rosine alishukuru, akatoka. "Hata hakuniuliza kama boti ilikuwa na injini," anasema. "Mtu anashindaje jambo asilolijua?"

Wa tatu alikuwa Dina Josephat, wakili kijana mwenye chumba kimoja cha ofisi Kawajense, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Dina alimpa kiti, akamwacha aseme hadi mwisho.

"Mama, sijui," alisema. "Kesi ya mzigo uliopotea majini sijawahi kuishika. Nipe hadi wiki ijayo nisome. Lakini niambie, nani wengine walikuwa kwenye boti ile?"

Rosine anasimulia sehemu hiyo akitabasamu. Tangu mkasa utokee, hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Aliweka mezani laki moja na nusu na kuahidi kumalizia kidogo kidogo.

Nilipomtembelea Dina ofisini kwake, alikiri kwamba alipobaki peke yake siku ile alijuta. "Nilijisemea, Dina, umejiingiza wapi? Lakini yule mama alikuwa ameshanishukuru kwa kutojua. Ningemrudishaje?"

Wiki iliyofuata Dina alikuwa na jambo la kusema. Alikuwa amesoma kwamba watu wa vyombo vya majini wana kanuni ya zamani sana. Mzigo ukitupwa kwa makusudi ili chombo na mizigo mingine ipone, hasara si ya mwenye mzigo huo peke yake. Waliopona nao hubeba sehemu yake.

"Nilimweleza pia kwamba sina uhakika mahakama itasemaje kuhusu boti ya mbao ya Ikola," anasema Dina. "Na kwamba kwanza lazima tujue kama mzigo ulitupwa kweli, au ulianguka, au uliuzwa. Nilimwambia hilo la kuuzwa usoni. Hakukasirika."

Nilipomuuliza Rosine kuhusu hilo, alishangaa. "Ningekasirika vipi? Ndiyo kazi niliyomlipia."

Wakaenda Ikola pamoja. Dina alitaka kuona boti inavyopakiwa. Alivua viatu, akaingia majini hadi magotini akishikilia mkono wa Rosine, na wapakiaji wakashangilia. "Wakili, hayo ni maji ya beseni! Ziwa lenyewe bado!" Naye alicheka, akaendelea kuuliza. Gunia la kwanza linakaa wapi? Nani anapanga? Mtu akitaka kupunguza uzito haraka, anaanzia upande gani?

Kabla ya kufungua shauri, Dina aliwaandikia wahusika wote wakutane. Rosine aliomba Specioza naye aalikwe. Dina alimuonya kwamba wakisikia jambo baya, litasikika mbele ya watu wa Litapunga. "Na likiwa jema?" Rosine alimuuliza. Barua ikaandikwa.

Walikuja wote. Ofisi haikuwatosha, wakakaa nyuma ya duka, juu ya matofali na mabomba.

Aliyeanza kusema alikuwa Deogratias, mfanyabiashara mzoefu aliyekuwa kwenye boti. "Ziwa halina hakimu," alisema. "Aliyepoteza amepoteza. Kesho inaweza kuwa zamu yangu, na sitamdai mtu."

"Kaka, upepo ule, kama uzito usingepungua, magunia yako yangekuwa wapi leo?" Dina alimuuliza.

"Chini."

"Na wewe?"

Deogratias alikwaruza tofali kwa kucha. "Chini," alisema.

Dina alimgeukia nahodha, Arcade, mtu mrefu aliyekuwa ameshika kofia yake tangu afike, akamuuliza magunia ya Rosine yaliondokaje kwenye boti.

Arcade aliiweka kofia juu ya tofali.

"Niliyatupa mimi," alisema. "Maji yalikuwa yameshafika kwenye injini. Nikasema tupunguze mzigo. Nikamshika wa kwanza, akalia ana mkopo. Wa pili akalalia magunia yake, akasema mnitupe na mimi. Kila mtu alikuwa amekalia lake. Ya Rosine hayakuwa na mtu wa kuyalilia. Nikayatupa yote. Na hawa walinisaidia."

Hakuna aliyepinga. Mmoja baada ya mwingine, wale sita walitazama chini.

"Sasa mbona hukuniambia, mdogo wangu?" Rosine alimuuliza.

"Ningekwambia nini, dada? Kwamba nimekutupia mali kwa sababu ulienda kusali?"

Specioza, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alijifunika uso kwa khanga.

Baada ya hapo, anasema Dina, kazi yake ilikuwa nyepesi. Wafanyabiashara walikuwa saba, na mizigo yao ilikaribiana kwa wingi. Magunia kumi na manne yaligawanywa kwa saba, kila mmoja akabeba hasara ya mawili. Wale sita walikubali kulipa kwa dagaa, msimu huo huo. Arcade aliahidi kumbebea Rosine mzigo bure hadi msimu uishe.

"Na mimi nibebe mawili?" Rosine aliuliza siku ile.

"Na wewe, mama. Boti ingezama, yako pia yangezama."

"Hapo nikajua kanuni hiyo ni ya haki," anasema Rosine. "Hata mimi haikunionea huruma."

Wote walimaliza kulipa kabla ya mvua kuanza, na fedha za Litapunga zilirudi zote. Jumatatu iliyofuata mkutano ule, Specioza alifika sokoni mapema. Hakusalimia sana. Alipiga magoti kwenye turubai, akachukua ungo wa pili, akaanza kupepeta. Baada ya muda akasema, "Mama Bosco, nilikuuliza swali baya."

"Kuuliza ulikuwa na haki," Rosine alimjibu. "Ila jibu ungeniachia mimi."

Akina mama wa Litapunga wamempa tena akiba yao. Dina naye anasema wafanyabiashara wawili wa Karema wamemfuata kuhusu mizigo yao, na sasa hujibu, "Kidogo najua."

Kwenye boti ya Arcade umeanza utaratibu mpya. Kabla injini haijawashwa, nahodha huuliza kwa sauti, "Likitupwa la mmoja?" na kila mwenye mzigo hujibu, "Ni letu sote." Asiyejibu hushushiwa magunia. Deogratias, anasema Rosine, ndiye hujibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Matumaini ya Rosine ni kuona boti zote za Ikola na Karema zikifanya hivyo, na Dina ameahidi kwenda naye kuzungumza na wenye vyombo.

Lakini kuna jambo moja ambalo hajalifanya tangu mwaka jana. Kila boti ilipoondoka Jumapili, Rosine alipanda na mzigo wake, na misa ikampita. Anasema hakuwa na hofu na ziwa. Alikuwa na hofu na watu.

Wiki hii anakwenda kambini tena. Padri anatarajiwa Jumapili, na boti ya Arcade inaondoka asubuhi ile ile. Rosine anafunga mdomo wa gunia, anakaza kamba kwa meno, anajipangusa vumbi mapajani.

"Magunia yatatangulia," anasema. "Mimi nitakuwa kanisani."