Mtungi wa Kifuniko cha Kijani

Wenzangu, hili ninalowaambia leo sijawahi kulitoa mdomoni kwa hiari yangu, ila kwa vile Malindi nzima wanalijua na kila mtu analisimulia atakavyo (wako wanaosema niliosha choo, na wallahi choo sikukifikia), afadhali mlisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika.

Mimi ni mtu wa kubana matumizi, sikatai. Tangu nijue kwamba siki nyeupe inang'arisha vioo, inatoa ule ukoko wa chumvi kwenye mifereji yetu ya bomba na kuondoa harufu ya samaki kwenye friji, sabuni za makopo nilizipa kisogo kabisa. Siki nilikuwa naichukua kwa jumla, na kwa sababu mimi situpi kitu, nikaitia kwenye mtungi wa zamzam, yale maji ya baraka ya Makka, ule mweupe wa lita tano wenye kifuniko cha kijani, tulioachiwa na jirani aliyehiji miaka ya nyuma. Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, Bi Salma, ambaye tunakaa naye nyumba moja, aliuona akaniambia, "Zuhura mwanangu, andika basi, mtu asije akadanganyika." Nikamjibu, "Mama, siki yangu naijua mwenyewe kwa harufu." Ukweli ni kwamba kalamu ilikuwa sebuleni nami niko jikoni, nikaona uvivu wa kuifuata.

Basi mwaka huu Mungu akamjaalia mavyaa naye akahiji. Kabla hajaondoka alikwenda Mambrui kumuaga ndugu yake, Mjomba Omari, ambaye ni mgonjwa wa kitandani, hata kugeuka mpaka ageuzwe, na mjomba akamwambia, "Dada, mimi sitaki kanzu wala tasbihi. Niletee zamzam, unisomee Yasini, ninywe." Hilo tu. Na mavyaa aliporudi, na mtungi wake mweupe wenye kifuniko cha kijani (mnaanza kuelewa, sivyo?), kitu cha kwanza alichofanya ni kuufungua, akakaa nao kwenye mswala tangu adhuhuri mpaka magharibi, anasoma na kupuliza, anasoma na kupuliza, mpaka sauti ikamkauka. Kisha akanipa niuweke stoo penye baridi. Alhamisi wanawake wangekuja kumpa mkono, kila mmoja angeonja funda moja, na yote yaliyobaki yalikuwa ya Mjomba Omari, Ijumaa tumpelekee.

Alhamisi asubuhi nikasema nyumba ya Hajjati haiwezi kupokea watu na vioo vina ukungu. Mavyaa alikuwa amepumzika chumbani. Nikaanza na stoo, nikatoa kila kitu, nikafagia, vumbi likanivaa, pua ikaziba ikawa hata kitunguu sikisikii, nikarudisha vitu haraka haraka, na mitungi ile miwili nikaiweka rafu moja, bega kwa bega. Halafu nikachukua mmoja. Kwa nini ule na si huu, msiniulize, najiuliza mwenyewe mpaka leo. Nilijua tu kuwa ni wangu.

Nikamimina kwenye ndoo, nikatia magadi, na kila siku siki ikikutana na magadi inafoka povu mpaka raha, lakini siku hiyo kimya. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema magadi yameharibika, nikaongeza maji ya mtungini. Nikafuta vioo vyote vya sebuleni. Nikafuta friji, nje na ndani, na lile droo la samaki. Nikaloweka matambara nikayafunga kwenye mifereji. Na yaliyobakia, kwa vile sinki lilikuwa linanuka, nikayamwaga yote kwenye tundu la sinki, glo glo glo, huku naimba. Yarabi, naimba!

Alasiri wakaja, wanawake kama ishirini, buibui na udi, sebule ikajaa mpaka mlangoni. Jirani yetu Bi Rukia (huyu sauti yake haihitaji kipaza) akatazama madirisha akasema, "Mashaallah, vioo hivi kama havipo!" Nami badala ya kunyamaza nikapata kichwa, nikasimama katikati ya watu wazima nikawapa somo zima: siki nyeupe, magadi kidogo, tambara kavu, wacheni kupoteza pesa zenu. Walinisikiliza vizuri sana. Mavyaa mwenyewe alitabasamu.

Kisha nikaleta tende na vikombe vya kahawa, nikaleta na mtungi. Mavyaa akawamiminia kwa mkono wake. Wote wakainuka, wakaelekea kibla, kila mmoja akaomba lake kimoyomoyo (mmoja alikuwa analia, ana binti hajapata mtoto), wakasema bismillahi, wakanywa.

Jamani, nani atatema zamzam? Hakuna. Nyuso zilikunjana, macho yakatoka maji, koo zikapanda na kushuka, lakini kila mmoja alimeza, na wengine wakasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu anayekabwa. Bibi mmoja mtu mzima akajipapasa kifua akasema taratibu, "Ya safari hii yana nguvu." Mwingine akasema labda yamepata joto la ndege. Mimi pua imeziba, nimesimama na sinia, naona watu wanalia nikadhani ni ibada, nikaanza kulia na mimi.

Ni Bi Rukia aliyenusa kikombe chake mara ya pili. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema pole pole, "Zuhura, ile siki uliyotusomesha, unaiweka kwenye chombo gani?"

Nilitazama mtungi mikononi mwa mavyaa, nikatazama vile vioo, na vikombe vikanitoka na sinia yake, kacha! Nilitamani ardhi inimeze. Kuna aliyecheka akaziba mdomo, kuna aliyesema astaghfirullah, na yule wa binti akakaa chini kwenye mkeka kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Mavyaa hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu: "Yamebaki?" Nikakimbilia jikoni kutazama ndoo. Ilikuwa imepinduliwa, imekauka, nami ndiye niliyeipindua. Nikarudi nikatikisa kichwa, naye akarudi chumbani akafunga mlango. Wageni wakaondoka mmoja mmoja na viatu mkononi, hakuna aliyeaga.

Bi Rukia alirudi baadaye na kichupa cha zamzam ya mtu mwengine. Mavyaa akamshukuru, akakiweka kando. Akasema, "Nilimuahidi niliyomsomea mimi. Sauti yenyewe sina tena."

Ijumaa tukaenda Mambrui, yeye na mimi. Mjomba Omari alikuwa amevalishwa shati safi kwa ajili yetu. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama, macho yote kwenye mkoba wa dada yake. "Umeniletea?" Nikafungua mdomo niseme, wallahi nilitaka kusema, mavyaa akanibana mkono mpaka kucha zikaingia.

"Nimeyamwaga, Omari," akasema. "Mkono umenitetemeka, mtungi ukaanguka. Yamekwisha yote. Nisamehe ndugu yangu."

Na yule mgonjwa, asiyeweza hata kufukuza nzi, ndiye akaanza kumbembeleza mzima: "Usilie, dada. Uzee huo. Ulinisomea?" Mavyaa akasema, "Nilikusomea." Mjomba akasema, "Basi yamefika." Kisha akageuza uso ukutani, na mimi niliyaona yale machozi yakiingia sikioni mwake.

Tulipotoka, kabla hatujapanda tuktuk, mavyaa akasimama, akarekebisha buibui lake, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sina wiki tangu nitoke Makka," akaniambia. "Uongo niliousema mle ndani ni wako wewe, Zuhura. Mimi nimekubebea tu."

Siki sinunui tena. Mitungi yote mitupu nimeitoboa, na kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye mlango wa stoo. Lakini vile vioo mpaka leo havijaguswa na mtu, ukungu umerudi, na kila nikishika tambara mkono unanirudi chini.